Nyumbani Wanajua Pesa Ipo Benki

Shikamoo Mama,

Nina miaka 28, mtoto wa kwanza kati ya wanne, kwetu ni Machame mkoani Kilimanjaro. Nakuandikia kutoka Ujerumani, mji mmoja wa jimbo la Hessen, ambako nasoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa maji. Naomba usitaje jina langu wala chuo. Watanzania huku ni wachache na tunajuana.

Nilipopata barua ya udahili mwaka jana, iliandikwa kwamba chuo hakitozi ada. Nikamsomea mama yangu mzazi. Mama akaelewa kwamba nimepata skolashipu, nami kwa ile furaha sikumsahihisha. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa akatangaza usharikani. Mama akatoa mkungu wa ndizi na jogoo kuwa sadaka ya shukrani, vikapigwa mnada, kanisa zima vigelegele. Tangu siku hiyo mimi ni "yule wa skolashipu".

Mambo yakagoma kwenye viza. Ilitakiwa nionyeshe pesa ya kujikimu mwaka mzima kwenye akaunti maalumu ya huku wanayoiita Sperrkonto. Tulianza kuhangaika na hesabu ya euro 11,208, na tulipokaribia kuifikisha, Septemba 2024 kiwango kikapanda hadi 11,904. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 30, Mama. Shamba letu la tambarare, lile la mahindi, likauzwa. Kilichobaki ni kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani. Baba mdogo, ambaye ni mwalimu wa sekondari, akakopa SACCOS ya walimu, na wenzake wawili wakamdhamini. Nikamalizia na akiba yangu ya miaka mitatu kazini. Kila aliyeniuliza pesa hiyo ni ya nini nilimjibu "ni dhamana ya viza tu". Na dhamana kwetu inajulikana: shughuli ikiisha, unarudishiwa chako.

Ukweli ni kwamba pesa hiyo ndiyo ninayokula. Kila mwezi benki inaniachia euro 992. Chumba cha hosteli 340, bima ya afya kama 140, zinazobaki ni chakula, simu na mchango wa chuo wa kila muhula. Awamu ya mwisho naipokea Septemba. Kibali changu cha kuishi kinaisha mwisho wa Oktoba, na kukiongeza lazima nionyeshe tena pesa ya mwaka. Nimebakiza mihula miwili kumaliza.

Mwezi Machi baba mdogo alinipigia. Tuliongea habari za mvua, za bibi, halafu akauliza taratibu, "Mwanangu, ile dhamana bado ipo?" Nikamjibu ipo benki. Mpaka hapo nilikuwa nanyamaza tu. Siku hiyo nilidanganya kwa mdomo wangu.

Mdogo wangu naye yuko mwaka wa kwanza Dodoma. Bodi ya Mikopo ilimpa sehemu ya ada tu, nyingine ni juu yetu. Akinitumia ujumbe anatania habari za boom, ile pesa ya kujikimu ya wanafunzi: "Dada, boom lako ni la euro, nikumbuke." Namtumia euro 50 inapowezekana, halafu wiki nzima nakula wali na maharage ya kopo.

Usidhani nimekaa tu. Nimeomba ufadhili mara saba na mara saba nimekataliwa. Mbili zilikuwa za DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, zile za kozi za maendeleo. Moja Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, moja ya Jumuiya ya Madola. Tatu nyingine ni za taasisi za hapa Ujerumani. Nimeanza kuamini kwamba sifai. Wenzangu waliniambia pia kuna Deutschlandstipendium, ila sikuomba kwa sababu ni ya Wajerumani.

Jumamosi na siku moja katikati ya wiki nafanya kazi kwenye ghala. Kule nyumbani watu wakisema mtu yuko Ulaya anabeba maboksi huwa ni msemo; mimi nabeba maboksi kweli, ya viatu. Ni kazi ndogo ile isiyozidi euro 556 kwa mwezi kwa kiwango cha mwaka huu wa 2025, na nimeianza Mei tu.

Sasa kuna kaka mmoja wa Afrika Magharibi, ana kazi nzuri ya kompyuta, tumekutana kwa marafiki. Amesema anaweza kwenda ofisi ya wageni akanisainia ile barua ya kunidhamini, inaitwa Verpflichtungserklärung, nami nimpe euro 900. Hatanipa hata senti ya matumizi, ni sahihi tu ili kibali kitoke. Anasema ameshawasaidia wawili.

Nimewaza pia nirudi nyumbani. Lakini nitarudi na nini? Bila shahada, shamba limeuzwa, baba mdogo anakatwa mshahara.

Pengine utauliza kwa nini maji. Marehemu baba alikuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji wa asili unaoshusha maji vihambani. Zamu yetu ikiangukia usiku nilikuwa namshikia tochi. Baadaye nikaajiriwa na jumuiya ya watumia maji katika Bonde la Pangani, napima maji ya mifereji na kusuluhisha ugomvi wa zamu. Lakini hayo ni ya nyumbani tu. Nimekuwekea mwanzo wa barua yangu ya maombi, unione ninavyojieleza: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya elimu na ndoto ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu na bara la Afrika kwa ujumla."

Nifanye nini, Mama? Nisaini na huyu kaka? Niseme ukweli nyumbani? Nirudi? Usiku silali.

Binti wa Machame

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli mkononi. Nimekaa miaka mingi ofisi ya mlezi wa wanafunzi kabla ya kuanza kazi hii ya kujibu barua, na aina yako naifahamu: mtoto anaingia ofisini, anasema amekuja kuulizia fomu, anakaa nusu saa akizungumzia fomu, na ameshika kitasa cha mlango anatoka ndipo anasema hajala tangu jana. Nawe umeniuliza habari za sahihi na kibali. Mstari niliouwekea alama ya penseli ni ule wa mwezi Machi.

Nikikuelewa vizuri, mambo yako ni matatu na yameshikana kama nyuzi za kikapu. Kuna pesa ya kuishi kuanzia Oktoba. Kuna kibali, ambacho kinataka ushahidi wa hiyo pesa. Halafu kuna neno "dhamana", ambalo wewe ulilitamka kwa haraka na nyumbani wakalishika kama ahadi. Nitaanza na hilo la tatu, kwa sababu naona linaharibu hata yale mawili.

Unaandika kana kwamba umekula mali ya watu. Ngoja kwanza. Akaunti ile imewekwa na sheria ya huko ili mwanafunzi mgeni awe na cha kula, chumba na bima, na ndiyo maana wanakuachia 992 kila mwezi badala ya kukupa zote siku ya kwanza ukazimaliza. Umezitumia kwa kazi iliyowekewa. Hukuzipeleka kwenye nyama choma. Kosa liko kwenye jina ulilozipa, na jina linaweza kurekebishwa. Shamba lililouzwa haliwezi, ndiyo, lakini hilo lingeuzwa hata kama ungesema kweli tangu mwanzo. Au lisingeuzwa? Nadhani hapo ndipo panapokuuma: kwamba huenda mama angekataa. Sijui. Hata wewe hujui.

Nikuulize na hili. Una hakika gani kwamba baba mdogo hajui? Ni mwalimu, anajua hesabu, na anajua mtoto hawezi kuishi ugenini mwaka mzima bila kula. Mtu mzima anayezungumza kwanza habari za mvua na bibi, halafu akauliza taratibu "bado ipo?", pengine anadai. Pengine pia anakufungulia mlango useme. Mimi sikusikia sauti yake, wewe uliisikia.

Kumwambia kuna hatari zake, sitakuficha. Anaweza kukasirika, akakata simu, akamweleza mama kwa maneno yake kabla hujaeleza kwa yako. Habari inaweza kufika usharikani, na mama aliyetoa mkungu wa ndizi mbele ya watu ataona aibu ambayo hakuitafuta. Ukianza na mama, atajua kwa sauti ya mwanawe, lakini utakuwa umemwachia mzigo wa kumwambia shemeji yake. Ukianza na baba mdogo, unaanza na mwenye deni, ambaye ana wadhamini wawili wanaopaswa kujua kwamba Oktoba hakuna pesa itakayoingia. SACCOS nyingi humsikiliza mwanachama anayekuja mapema kuomba kupangiwa upya marejesho. Anayekuja baada ya kushindwa kulipa huwa hana la kujitetea. Usiposema, Oktoba itasema.

Na kunyamaza kwako kuna bei nyingine ambayo sidhani umeipiga hesabu. Mtu mwenye skolashipu haombewi, hachangiwi, hapunguziwi. Mdogo wako anakutania habari za boom la euro kwa sababu ndivyo mlivyomwambia. Zile euro 50 unazokatiza tumboni zinakwenda kulisha hadithi. Labda zinamsaidia pia, sikatai, ada ni ada. Lakini angejua, angepanga maisha yake ya Dodoma kwa namna nyingine.

Sasa tuje kwenye kukataliwa mara saba. Hesabu hii inakutesa, kwa hiyo tuihesabu vizuri.

Chevening na ule wa Jumuiya ya Madola uliouomba hulipia masomo Uingereza. Hata ungeupata, ungelazimika kuacha ulichoanza na kwenda kuanza upya. Hizo mbili weka pembeni. Zile mbili za DAAD za kozi za maendeleo hutaka mtu mwenye angalau miaka miwili kazini, na wewe unayo mitatu, tena kazi yenyewe ndiyo wanayoitafuta. Lakini huombwa pamoja na nafasi ya kozi, kabla ya kuanza masomo, na kwa kozi zilizomo kwenye orodha yao. Wewe uliomba ukiwa tayari darasani. Ulifika stendi basi limeshaondoka. Hakuna aliyesema hustahili kupanda. Zinabaki tatu, za taasisi za hapo Ujerumani. Hukuzitaja, lakini kama ni zile zilizo karibu na vyama vya siasa, nyingi hutaka Kijerumani kizuri, mara nyingi kiwango cha B2, na mtu ambaye bado ana mihula kadhaa mbele yake. Kijerumani chako kikoje? Kama ni kile cha kununua mkate, basi hata hizo hazikupimi akili.

Kwa hiyo saba zako, kwa hesabu yangu, huenda hazifiki hata mbili. Wanafunzi wengi hawaambiwi kwamba ufadhili una milango ya aina mbili. Kuna ile ya kuingilia ukiwa nyumbani, mikubwa, inayolipa kila kitu, na hufungwa mara tu unapopanda ndege. Na kuna ile ya ndani, midogo midogo, ambayo mtu aliyeko Dar haioni kabisa. Wewe umekuwa ukigonga ile ya nje ukiwa umesimama ndani.

Chukua Deutschlandstipendium uliyoambiwa ni ya Wajerumani. Jina linadanganya. Ni euro 300 kwa mwezi, nusu inatoka serikali kuu na nusu kwa wafadhili binafsi, na uraia si kigezo. Wala hawaangalii kipato chako. Huangalia matokeo, lakini pia kazi za kujitolea na vikwazo ambavyo mtu amevivuka. Hutolewa na vyuo vyenyewe, kila kimoja kwa ratiba yake, na vingi hupokea maombi majira haya ya kiangazi kwa malipo ya kuanzia Oktoba. Tuko Juni. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, angalia ukurasa wa chuo chako. Dirisha la wiki tatu au nne huwa linafungwa watu wakiwa kwenye mitihani. Sikuahidi kitu. Waombaji ni wengi, majibu yanaweza kutoka baada ya miadi yako ya kibali, na 300 si 992.

Mlango wa pili wa ndani umeshaupita mara nyingi ukienda kula. Studierendenwerk, hao wanaoendesha bwalo la chakula na hosteli, wana washauri wa masuala ya kijamii, na ushauri wao ni bure. Usiende kuuliza "kuna skolashipu?" Nenda na mkataba wa chumba, karatasi ya bima, taarifa ya benki na tarehe ya kibali, uviweke mezani, useme Oktoba sitakuwa na pesa. Hapo ndipo wanapoanza kufungua makabati. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako nayo iulize kama kuna msaada wa kumalizia masomo. DAAD hupeleka fedha vyuoni kwa ajili ya wageni walio hatua za mwisho, na anayeugawa ni chuo. Wewe utakuwa hatua hiyo mwakani, ukiandika tasnifu. Si wa Oktoba hii, lakini jina lako liwe linajulikana.

Na wewe ni mtoto wa usharika. Kanisa la Kiinjili la huko lina jumuiya za wanafunzi, huitwa ESG, na kupitia kwao kuna mfuko wa dharura wa wanafunzi waliotoka nchi za Kusini, unaosaidiwa na Brot für die Welt, shirika la misaada la makanisa ya Kiinjili. Ni wa kumvusha mtu aliyekwama, si wa kumlisha mwaka. Watataka kuona matumizi yako yote na sababu ya kukwama. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Sioni ajabu mtoto wa Machame akibisha hodi kwao naye. (Niwie radhi kwa utani, nimeona barua yako haina hata tabasamu moja.)

Kuhusu kazi. Sheria ya huko tangu Machi 2024 inakuruhusu siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Maboksi ya viatu yanakupa mpaka 556. Lakini kazi za usaidizi chuoni, za maabara, kusahihisha, kusaidia utafiti, hazihesabiwi kwenye siku hizo. Umemuuliza mwalimu wako yeyote? Sidhani, maana hukutaja. Kwa kima cha chini cha mwaka 2025, euro 12.82 kwa saa, mtu anayefanya saa 16 kwa wiki anagusa kama 880 kwa mwezi kabla ya makato. Inaonekana nzuri kwenye karatasi. Hatari yake naijua kutoka ofisini kwangu: mtu anachukua saa nyingi ili aweze kusoma, halafu anashindwa kusoma kwa sababu ya saa nyingi, anaongeza muhula, na muhula ulioongezeka unataka pesa kuliko aliyoipata. Pima mwili wako pia. Wali na maharage ya kopo havibebi maboksi kwa miezi 16.

Kuhusu kibali chenyewe, unaandika kana kwamba njia ni moja, euro 11,904 zingine zikiwa zimelala benki. Waulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa maandishi, ofisi ya wageni ya mji wenu inakubali ushahidi gani wakati wa kuongeza. Mara nyingi mkataba wa kazi, barua ya ufadhili na salio huweza kuunganishwa mpaka kifike kile kiwango cha mwezi. Omba pia barua ya mwalimu inayosema umebakiza muda gani. Na jambo moja usilifanyie mzaha: peleka ombi kabla kibali hakijaisha. Ukiomba ndani ya muda, ukaaji wako unahesabiwa halali mpaka watakapoamua, na wanakupa karatasi ya kuonyesha hivyo. Ukichelewa hata kwa siku chache, mambo yanageuka. Miadi ya ofisi hizo huchukua wiki nyingi, kwa hiyo Oktoba yako inaanza Julai.

Sasa huyo kaka.

Simjui, na inawezekana ni mtu mwema aliyeona binti wa watu anahangaika. Barua anayotaka kusaini ni halali, na watu husainiana kila siku, shangazi kwa mpwa, rafiki kwa rafiki. Anayesaini anaiambia serikali: huyu nitamlisha mimi, na akilishwa na umma, nidaini mimi. Ahadi hiyo inambana miaka mitano. Kwenu ninyi wawili sahihi itakuwa ya kweli na ahadi itakuwa ya uongo, kwa sababu mmeshakubaliana hatatoa senti. Sheria ya ukaaji ya huko inamhesabia mkosaji anayetoa maelezo ya uongo ili kupata kibali: faini, au kifungo mpaka miaka mitatu. Wengi hawakamatwi, utaniambia, na huyu ameshasaidia wawili. Inawezekana. Mimi wasiwasi wangu uko mahali pengine. Euro 900 utazitoa mara moja, lakini yeye atabaki na kitu mkononi: anajua kibali chako kimesimama juu ya nini. Siku mkikosana, au siku akitaka kitu ambacho hukukipanga, utakuwa na uhuru gani wa kusema hapana? Tena ugenini, msichana peke yako. Na baada ya yote hayo bado Oktoba itafika bila pesa ya chakula, maana sahihi hailiwi. Hizo 900, jumlisha mshahara wa ghala, ni karibu mwezi na nusu wa kuishi. Lau angekuwa mtu anayekusudia kweli kukusaidia, hata kwa euro 200 kwa mwezi, yangekuwa mazungumzo mengine kabisa.

La kurudi nyumbani hukulipa nafasi, umelitaja kama mtu anavyotaja kifo. Sioni kama ni kifo. Uliacha kazi, umewahi kuwaandikia kuuliza kama nafasi ipo? Masomo uliyofaulu yanabaki kwenye kumbukumbu zako. Lakini ukirudi nusu njia na ukataka kwenda tena, viza inaanza upya na pesa ya kuonyesha inaanza upya, na deni la SACCOS litakuwa linakatwa vilevile. Kuna wanaorudi wakapumua, wakalipa madeni, wakasomea nyumbani au nchi jirani kwa ufadhili ambao wangeupata tangu mwanzo. Kuna wanaorudi wakajilaumu miaka kumi. Nimewaona wa aina zote mbili, na sikuweza kamwe kutabiri nani atakuwa yupi.

Nimeacha jambo moja makusudi. Ile aya ya barua yako ya maombi.

Mwanangu, nimeshasoma maelfu ya barua zinazoanza "tangu utotoni nimekuwa na shauku". Anayezisoma hulala kabla ya nukta. Halafu ukageuka, ukaniandikia mimi, bibi nisiyekufahamu, kwamba marehemu baba yako alisimamia mfongo, na zamu ikiangukia usiku ulimshikia tochi. Ukaandika umepima maji ya mifereji na kusuluhisha ugomvi wa zamu. Kisha ukasema "hayo ni ya nyumbani tu". Mtu gani amekwambia? Wanaotoa hizo 300 wanauliza umevuka nini na umewafanyia nini wenzako. Una jibu ambalo hakuna mwenzako darasani analo, na umelificha nyuma ya "bara la Afrika kwa ujumla". Nyumbani unajionyesha huna shida, kwa wafadhili unajionyesha huna kwenu. Andika upya ukurasa mmoja, uanzie penye giza na tochi, utaje ni ugomvi gani wa maji ulioshindwa kuusuluhisha, na kwa nini ukaona lazima ukasome. Na sema wazi kwamba pesa yako inaishia Septemba. Si aibu, ni taarifa.

Nitumie rasimu ukitaka, nitaisoma. Kiingereza changu bado kipo, Kijerumani utanisamehe. Na ukiniandikia, nieleze kitu kilichonibaki kichwani tangu jana: mzee hayupo, wewe uko Hessen, mdogo wako yuko Dodoma. Zamu yenu ikiangukia usiku, siku hizi mama anashikiwa tochi na nani?